Kidole cha Baba Mkwe

Jumapili iliyopita, huko Kigamboni, baba mkwe wa mwenye Corolla moja nyeupe alitoboa gari kwa kidole. Hakukusudia. Alifika kwa heshima zote, akaitikia marahaba, akakataa soda na kuomba maji, kisha akainuka kwenda kulitazama gari ambalo mkwewe alisema limebakiza "kukwanguliwa rangi ya zamani tu" kabla ya kupigwa mpya. Kwenye kizingiti, chini ya mlango wa nyuma, rangi ilikuwa imeota malengelenge. Mzee akayabonyeza kama mtu anayechagua embe sokoni. Lengelenge la kwanza lilipasuka. La pili lilimeza kidole kizima.

Hakuna adabu iliyoandaliwa kwa hali hiyo. Mtu hamvuti mkwewe mkono, wala hamwambii atulie. Lakini kingo za bati zilikuwa zimejikunja kwa ndani, na kila mzee alipovuta, zilimng'ang'ania. Binti yake akaleta mafuta ya kula. Mtoto wa jirani akaleta watoto wengine. Saidia fundi, kijana aliyekuja kupiga msasa, akapendekeza grainda, na watu wote wakanyamaza. Mwishowe mzee aliomba bisibisi, akaisukuma ile kingo kwa mkono wa pili, akatoka na kidole kilichochubuka, chekundu kwa kutu. Akakitazama. Akauliza kwa upole:

"Mwanangu, hili ndilo gari unalompakia binti yangu?"

Mwenye gari hakuwa na jibu. Kutu inalo, tena refu.

Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa chuma. Huchimbwa kama mawe, kikiwa kimeshikamana na oksijeni, na watu hutumia tanuri na makaa kuvitenganisha kwa nguvu. Tangu siku hiyo chuma kinatafuta njia ya kumrudia mwenzake, na mshenga anayehitajika ni maji tu. Maji yakitua kwenye bati, sehemu moja huachia elektroni na sehemu ya jirani huzipokea. Bati linageuka betri ndogo inayojila yenyewe. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na betri ikapata kasi. Kigamboni upepo hutoka baharini na chumvi yake. Gari nalo lilitoka Japani, ambako sehemu za theluji kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Muuzaji hakusema liliishi mkoa gani. Kama ni huko, basi limekula chumvi nyingi kwa maana zote mbili.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikizaliwa chini ya rangi lazima ivimbe, na rangi yote ya gari, kuanzia praima hadi vanishi ya juu, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Haina ubavu wa kuizuia. Kwenye vizingiti na chini ya milango mambo ni mabaya zaidi kwa sababu huko kutu huanzia ndani. Kiwanda huacha matundu madogo ili maji ya mvua yanayopenya kwenye mpira wa kioo yapate pa kutokea. Tope na majani huyaziba, maji yanatulia humo, na bati lisilofika hata milimita moja linaliwa kutoka upande asioutazama mtu. Lengelenge linapojitokeza nje, ndani kazi imekwisha. Baba mkwe hakutoboa kitu. Alibonyeza rangi iliyokuwa imesimama peke yake.

Kwa hiyo rangi ya zamani lazima ing'olewe, na hapo ndipo msasa unapoingia na hesabu yake ya kinyume. Nambari ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Asili yake ni chekeche: nambari huhesabu matundu katika inchi moja ya wavu, na matundu yakiwa mengi, chembe zinazopita ni ndogo. Fundi huanza na 80 kung'oa rangi. Hupanda 180 kufuta mikwaruzo ya 80, kisha 320 kufuta mikwaruzo ya 180, na praima ikikauka huleta msasa wa maji wa 600. Yaani sehemu kubwa ya ufundi huu ni kufuta nyayo za ufundi uliotangulia. Kisha hufumba macho na kupitisha kiganja polepole, kwa kuwa kiganja hukamata bonde ambalo jicho limelisamehe.

Pale rangi ya zamani inapobaki, ukingo wake hukwanguliwa kwa mteremko mpaka tabaka zijitokeze pete kwa pete. Upande wa pili wa Corolla, kwenye kizingiti kilichoonekana kizima, ilitoka nyeupe. Ikafuata praima ya kijivu. Ikafuata bluu. Mwenye gari hakuwahi kuambiwa kwamba gari lake lilikuwa la bluu. Chini ya bluu palikuwa na puti nene, na chini ya puti, gazeti.

Muuzaji aliapa kwamba gari halijaguswa rangi tangu litoke Japani. Gazeti lilikuwa la Kiswahili, ukurasa wa michezo, Simba na Yanga.

Mambo mengine yalifuata kwa haraka. Dawa ya kubandulia rangi ilibandua na taa ya nyuma. Soda, ambayo mpita njia aliisifu kwa sababu ya asidi ya fosforiki iliyomo, iliita sisimizi. Nguo za jirani zilianikwa nyeupe zikaanuliwa za rangi ya matofali. Bati lililokwanguliwa jioni likaachwa tupu bila praima lilikuwa na kutu changa alfajiri.

Lile gazeti halichekeshi kwa muda mrefu. Corolla haina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chasisi, na kizingiti ni miongoni mwa nguzo zake. Puti ilitengenezwa kwa ajili ya kusawazisha vibonde vifupi juu ya bati safi. Haikutengenezwa kubeba watu. Gari likigongwa ubavuni, kinachosimama kati ya abiria na bampa la mwenzake ni matokeo ya mechi. Aliyebandika gazeti hilo alijua. Aliyepaka rangi juu yake alijua. Mnunuzi ndiye pekee aliyelipa bila kujua, na binti wa watu ndiye aliyekuwa akikaa hapo.

Mwingine anayelipa ni saidia fundi, ambaye hukwangua haya yote akiwa amejifunga fulana mdomoni. Rangi nyingi za magari za zamani, hasa za njano na nyekundu, zilitiwa kromati ya risasi. Juu ya hayo kuna vumbi la puti, la kutu, na kwingineko la mchanga unaopulizwa kwa kompresa. Kwingine duniani hatari za kazi hii zimetungiwa sheria: Uingereza ilitoa kanuni za kuukataza mchanga wa silika katika kazi ya kupuliza vyuma tangu 1949, kwa sababu unaharibu mapafu, na Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia watu wa kawaida dawa ya kubandulia rangi yenye methilini kloraidi, kwa sababu mvuke wake umeua. Mwaka 2021 kazi ya kubandua rangi ya mnara wa Eiffel, Paris, ilisimamishwa baada ya vumbi la risasi kuonekana limezidi. Mnara ulisubiri. Kijana wa gereji hakuna anayemsimamishia kazi. Akikohoa, huambiwa anywe maziwa.

Mteja hulipia rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayong'aa. Kukwangua, ambako ndiko kazi yote iliko, huachiwa anayelipwa kidogo kuliko wote.

Basi, msomaji, ukienda kununua gari beba sumaku ndogo. Ifunge kitambaa isichubue rangi, uipitishe kwenye vizingiti, chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Bodi ya chuma isiposhika sumaku, hapo pana puti nene, na bei ijadiliwe upya au uondoke. Na siku unapoandikiwa vifaa gereji, thina, praima, msasa, puti, dai iongezwe barakoa ya vumbi, ile ya kweli yenye kichujio. Fundi akisema haihitajiki, inunue wewe na umkabidhi kijana mkononi kabla hajawasha grainda.