Bado Vifungo Tu

Kitambaa changu cha suruali, mita moja na robo, rangi ya ugoro, kiko kwa dada yangu tangu wiki mbili kabla ya Ramadhani. Idi imepita. Idi ya kuchinja nayo imepita. Kila nikiuliza naambiwa, "Bado vifungo tu, mdogo wangu." Juzi nilikiona kwa macho yangu chini ya meza, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, paka kakilalia.

Dada ni fundi cherehani, barazani kwake Tandika, mwaka wa 19 huu. Suruali ningemsamehe, lau angekuwa ananyamaza. Lakini ana misemo yake mwenyewe, hutaikuta kwa wahenga wala kwenye kanga, na wa kuipokea bure ni mimi.

Balaa lilianza nilipopewa safu hii. Nilimwendea nikalalamika kwamba wazo halijanijia, nasubiri moyo uchangamke. Hakuinua hata kichwa. Miguu kwenye kanyagio, pini nne mdomoni, akasema, "Sindano haiulizi fundi kaamkaje." Sasa mtu mwenye pini nne mdomoni utabishana naye vipi? Akipaliwa, kesi ni yako. Nikarudi nyumbani nikaandika, na makala ikatoka nzuri, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi.

Siku nyingine nikamsomea aya niliyoipamba mpaka nikajionea wivu. Akasikiliza yote, akanyoosha kidole kwenye gauni la kitenge lililoning'inia mlangoni, limejaa marinda toka begani hadi miguuni. "Marinda mengi huficha mshono mbovu," akasema. Nilidhani anamsema mteja. Nilifika kituo cha daladala ndipo nikaelewa, aya ikaenda na maji.

Ila ule wa "kitambaa hakisikii pole" aliupata kwa gharama. Alipokuwa bado anajifunza kazi, aliletewa doti ya kanga ashone gauni. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Ukikosea kwenye mji, watu watadhani ni mtindo. Yeye alipitisha mkasi katikati ya jina. Neno lililonunuliwa mahususi kumsuta mke mwenza likabaki nusu, na nusu yenyewe ikawa inamsifu. Nasikia mke mwenza alifurahi sana. Tangu hapo dada husoma kanga mara mbili kabla ya kugusa mkasi, na mimi eti nisome makala yangu mara mbili kabla ya kuituma, kana kwamba nina wake wenza.

Kwenye tarehe sasa, hapo hekima yote humtoka. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake kule Marekani mwaka 1851, na sitashangaa nikisikia "njoo kesho" ya kwanza ilitoka wiki hiyohiyo. Dada anayo hiyo. Anayo pia "umeme ulikatika", na cherehani yake ni ya miguu! Kisha ndiyo hiyo "bado vifungo", ambayo maana yake kitambaa hakijaguswa.

Nikamuuliza, "Dada, iko wapi ile sindano isiyouliza fundi kaamkaje?"

"Ile ni ya wanaolipa."

Wiki hii nimechelewa. Mhariri kanipigia saa tatu asubuhi, na sikuwa nimeandika hata neno moja. Nilikusudia kusema kweli, wallahi, lakini mdomo ukanitangulia: "Iko tayari, mama. Bado vifungo tu."

Kimya. Nikadhani salio limemwishia. Kisha akauliza taratibu, "Hivi wewe una undugu na yule fundi wa Tandika?"

Kumbe gauni lake la harusi ya mpwa wake liko kulekule. Bibi harusi keshajifungua.