Sepe Ndani ya Tope

Mwaka wangu wa pili chuoni Baraka nilianza kuwa sepe. Kwa asiyesoma Kongo: sepe ndiye mkuu wa promosheni, yaani darasa la mwaka mmoja, yule anayekusanya pesa za silabusi, anayemtafuta profesa aliyechelewa, na anayetukanwa na pande zote mbili. Katika kozi ya uongozi nilikuwa nimepata pointi 16 juu ya 20. Nilizibeba kama mama anavyobeba beseni la mawese: shingo imenyooka, chini hatazami.

Mtu wetu mkubwa katika kozi ile alikuwa Kurt Lewin, Mjerumani aliyekimbilia Marekani enzi za Hitler. Huko Iowa, yeye na wenzake Lippitt na White walikusanya watoto wa kiume wa miaka kumi hivi, wakawapa kazi kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, halafu wakawabadilishia viongozi: wa amri, wa kushauriana, na wa kuacha mambo yajiendee. Mwaka 1939 wakatoa majibu. Chini ya mtu wa amri, kazi inaenda mpaka atoke mlangoni. Chini ya mtu wa kushauriana, watoto wanaendelea hata akiwa nje. Nilikuwa nimelikariri hilo kama Baba Yetu. Silabusi haikusema kama Iowa kulikuwa na tope.

Desemba nikapanda lori la Fuso kurudi kwetu Kilembwe. Nilikaa juu kabisa, juu ya chumvi, sabuni na magunia ya ndagala wakavu, nikinuka ziwa zima la Tanganyika. Mlima wa Fizi tukaumaliza salama. Mbele kidogo, gari likainamia kushoto kama mzee anayetaka kusema siri, likatulia. Tairi la nyuma lilikuwa limezama nusu.

Konvwayeri, msaidizi wa shoferi, aliruka na kigogo chake. Mimi niliruka na Lewin.

"Wapendwa abiria," nikaanza, tena kwa Kifaransa, ili wajue jambo ni zito. Nikapendekeza komite. Mchungaji mmoja akaomba tufungue kwa sala, na sala ile ilipita mpaka kwa wagonjwa wa Uvira. Ukaja mjadala: achimbe nani, mwenye mzigo mkubwa au aliyelipa nauli nusu? Tukachagua makamu. Tukachagua na mhazini, ingawa pesa hazikuwepo, na alipochaguliwa tu akaanza kuomba mchango. Kufikia hapo tairi lilikuwa limezama lote.

Nikahamia kwenye amri. Nikataja salongo, ile kazi ya lazima ya umma. Wazee wakamkumbuka Mobutu, wawili wakaingia porini kujisaidia na hawakuonekana tena upesi. Nikaamua kutoa mfano mwenyewe: nikasimama nyuma ya tairi na shati langu jeupe, nikampigia shoferi kelele atie moto, nikafungua kinywa kusema "Sukumeni!" Neno lilitoka nusu. Nusu nyingine ilikutana na tope likiingia.

Ndiyo maana uongozi wa tatu, ule wa kuacha mambo yajiendee, niliufanya nimekaa kando ya njia, natema.

Mwenye ndagala, mama mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu Baraka, akafungua gunia. Akakoka moto. Akaomba unga wa muhogo kwa huyu, mawese kwa yule, akaweka sufuria, akasema bila kupandisha sauti:

"Anayechimba atakula."

Kijana mmoja aliyezoea mashimo ya dhahabu ya Misisi ndiye aliyeshika jembe la kwanza. Alitazama tope kidogo, akaanza kuchimba mbele ya tairi na siyo nyuma, tulipokuwa tumeng'ang'ania sisi. Mchungaji akavua viatu. Wazee wawili nao wakatokea porini, wamebeba mawe. Maslow, mtu mwingine wa kozi ile, aliweka chakula chini kabisa kwenye ngazi yake mwaka 1943, na mimi niliandika hivyo kwenye mtihani, lakini ngazi ile sikuwahi kuisikia ikinuka mawese.

"Sepe, mwanangu," mama akaniita, maana jina lilikuwa limeshaenea, "wewe leta maji."

Nikachukua bidoni. Mtoni nilienda mara tatu. Jua likizama gari likatoka, na bugari, ugali wetu, nikapewa kipande sawa na cha waliochimba, nikakishukuru kuliko zile pointi 16.

Chuoni nimeacha kuitisha mikutano ya silabusi. Siku ya kukusanya pesa namwita muuza mandazi asimame mlangoni, na mimi ndiye ninayebeba chai. Pesa zinatimia kabla mandazi hayajapoa. Wenzangu wanadhani nina siri ya kiprofesa.

Ila kesho ya siku ile ya tope, huko Kilembwe, kabla sijamaliza kufua lile shati, mtu alibisha hodi. Alikuwa mhazini, ana daftari. Alikuja kudai mchango wa komite. Nikampa faranga elfu moja, nikaomba risiti. Akasema risiti ni mpaka komite ikae, na mwenye kuitisha mkutano ni mimi.