Kadi ya Kutosumbuliwa

Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000. Machinga wa Makoroboi hapa Mwanza wakatoa hela, wauza dagaa na mama lishe nao wakatoa. Walichonunua hasa ni kutosumbuliwa: unailipa serikali ili serikali hiyo hiyo isikutumie mgambo. Akitoza hivyo kijana wa kijiweni, tunampeleka polisi.

Kadi zile za mwanzo, nazipenda kwa ukweli wake, hazikuwa na jina wala picha ya mwenye kadi. Hakukuwa na haja ya kumjua mtu. Ilitosha kujua kalipa.

Oktoba 2021 rais ni mwingine, kadi bado iko mfukoni, na vibanda vikabomolewa. Machinga wakaelekezwa kwenye maeneo rasmi. Kama hujui eneo rasmi likoje, ni lile ambalo kila kitu kimepangwa vizuri isipokuwa mteja.

Siku hizi kuna kitambulisho kipya, cha kidijitali. Ndugu yangu wa Makoroboi, kabla hujalipa, uliza kinadumu hadi rais yupi.