Ungo Usioruka

Masikio bado yananiwaka. Jana mchana nilipanda daladala ya Tunguu nimekumbatia dishi, na sijakaa bado konda akapaza sauti: "Ami, mwenye ungo naye hupanda gari? Si ungeruka tu?" Gari zima likaangua kicheko, isipokuwa bibi mmoja kiti cha nyuma aliyeanza kusoma kimya kimya, midomo ikimcheza. Nikalipa nauli mbili, yangu na ya ungo.

Dishi lilikaa juu ya paa la shangazi, Mji Mkongwe, siku tisa. Ya kumi ikaja barua: literemshwe, halina kibali. Mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na urithi, inaonekana, hautazami tamthilia.

Nikaenda ofisini na hoja zangu. Setilaiti za matangazo ziko juu ya ikweta, kilomita 36,000 kwenda huko, zikizunguka sawasawa na dunia inavyojizungusha; ndiyo maana dishi likishakazwa halina haja ya kugeuzwa. Nasi Unguja tuko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, kwa hiyo setilaiti iliyo karibu na longitudo yetu iko takriban utosini! London dishi hubandikwa ukutani mfano wa sikio, lipate kuchungulia kusini. Letu unaweza kulilaza, ukalificha nyuma ya ukingo wa paa, asilione ila kunguru. Ukipotoka nyuzi moja, kule juu umepotoka kilomita 600 na zaidi. Fundi alikuwa akikaza skrubu huku kabana pumzi.

Ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha: "Mchoro wa nyumba umekuja nao?"

Nyumba ya karne ya 19! Aliyeijenga alipima chumba kwa urefu wa boriti za mikoko alizozipata, basi.

Hapo maneno yakanichachia mdomoni. Dirishani pake niliona matangi matatu ya plastiki juu ya mapaa, na viyoyozi vya hoteli vikiwatonea wapita njia. Jumba la Beit al-Ajaib nalo liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, wala hapakuwa na dishi la shangazi yangu.

Tunguu hakuna aliyeniuliza kibali. Kulikuwa na mwembe. Nimelihamisha mara tatu; ya pili nilianguka nalo.

Usiku mvua imenyesha, na sasa kuku wanakunywa humo. Shangazi kapiga simu: "Mwanangu, rimoti yangu umekwenda nayo?"

Imo mfukoni.