Ainisho la Wakazi wa Chupa Gizani

Wanabayolojia huupanga mwani wa hadubini kwa rangi na umbo. Mpango huo haumsaidii mtu anayefuga mwani kabatini, ndani ya chupa ya jemu, bila taa. Sisi tunapendekeza kigezo kimoja: nani anakula nini akinyimwa jua.

Ukoo wa Wacha-Jua tuuache. Hata ukiwamwagia sukari hawaigusi.

Ukoo wa Walasukari una heshima zake. Mkubwa wao, Chlorella vulgaris, alitengwa mwaka 1890 na Martinus Beijerinck, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda cha hamira mjini Delft, Uholanzi. Binamu yake, Chlorella protothecoides, ukimshibisha glukosi na kumpunja naitrojeni huacha ukijani, akawa wa manjano na kunenepa kwa mafuta. Wanywa-Siki ni wachaguzi zaidi: Chlamydomonas reinhardtii hususia glukosi, lakini asetati, chumvi ya asidi iliyomo kwenye siki, huipokea hata gizani.

Kigeugeu ni Euglena gracilis, hupauka gizani na kurudia ukijani akimulikwa. Prototheca hana hata hiyo aibu. Ukijani aliutupa moja kwa moja, na leo baadhi ya jamaa zake huwaletea ng'ombe wa maziwa ugonjwa wa viwele.

Umebaki ukoo mkubwa kuliko zote, ambao vitabu vya mwani huuficha: Wazamiaji, yaani bakteria, hamira na ukungu. Sukari gizani ni karamu yao. Bakteria aliyestawi huweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Chlorella huchukua saa kadhaa. Mbio hizo mwani haushindi, kwa hiyo usiukimbize nao. Utenge kwanza kwenye mwanga, bila sukari. Chemsha agari yenye mbolea ya madini kwenye sufuria ya presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 (agari nayo hutokana na mwani mwekundu wa baharini, hivyo ndugu anamtandikia ndugu). Unguza waya kwenye moto, uache upoe, uchovye kwenye mwani, uchore mistari juu ya agari ikishaganda. Kidoa cha kijani kilichosimama peke yake ndicho cha kuchorwa upya, mara kadhaa, kabla ya kuonjeshwa sukari.

Chupa iliyochafuka na kunuka kesho yake haina mwani wa kujivunia. Ichemshe, kisha umwage.