Tumia Kabla ya Jumatano

Mama, shikamoo. Bibi, shikamoo. Mjomba, na wote mliokusanyika chini ya mwembe kusomewa, shikamooni. Na wewe mdogo wangu unayewasomea, soma yote bila kuruka, hata pale nitakapokuwa nimejiaibisha. Ukiruka nitajua, nakufahamu.

Jumatatu hii nimezunguka kazini tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana nikiwa na karatasi mgongoni. Wazee ninaowahudumia walikuwa wakinicheka, nami nikawachekea, nikadhani leo wameamka vizuri. Bibi mmoja wa miaka 91, ambaye siku zote ananitazama kana kwamba nimemwibia kuku, alinishika mkono akanipa pole, akasema Jumatano haiko mbali. Nikaingia msalani, nikavua shati. Karatasi ilisema: Imefunguliwa Jumatatu. Tumia kabla ya Jumatano.

Hiyo karatasi imetoka kwenye mashine, na hiyo mashine lazima niwaeleze, maana bila hiyo hamtaelewa nchi hii ya Wales. Iko jikoni kwetu kazini, ukubwa wake kama redio ya mjomba, na kazi yake ni moja tu, kutapika lebo. Ukifungua kopo la maharage unabonyeza, inatapika: limefunguliwa siku gani, saa ngapi, nani kalifungua, litupwe lini. Ukimenya viazi, lebo. Ukikata nyanya, ile nusu iliyobaki inapewa lebo, na ile uliyokula ndiyo iliyonusurika. Wiki yangu ya kwanza nilifungua maziwa nikasahau kubonyeza. Msimamizi akaja ameishika ile chupa kwa vidole viwili, akaniuliza imefunguliwa lini. Mimi mtoto wa Magole, nikafanya kama nilivyofunzwa: nikafungua kifuniko, nikanusa, nikamjibu kwamba bado mazima. Alinitazama kama nimeyalamba. Lita mbili zikamwagwa kwenye sinki, mama, hazijachacha wala kukatika! Nilitaka kumwambia kwamba kwetu maziwa yakichacha ndiyo kwanza yanapata jina jipya na bei mpya, lakini Kiingereza changu kilikuwa bado hakijafika kwenye mtindi.

Sasa nimezoea, na nimezoea kupita kiasi. Juzi chumbani kwangu nilibakiza ugali, nikajikuta nautafutia lebo. Ugali wenyewe wa kuliwa asubuhi na chai.

Mwezi uliopita wakatangaza kazini siku ya kila mtu kuleta chakula cha kwao. Nikasema leo watanijua. Nikatoa ule ufuta mlionifungia kwenye soksi, nikachanganya na karanga, nikapika kashata sinia zima, nikakesha. Asubuhi kabla sijaliweka mezani nikapewa fomu. Wana orodha ya vitu 14 ambavyo vinaweza kumdhuru mtu mwenye mzio navyo, na kila chakula lazima kitajwe kama kina kimojawapo. Humo kuna ngano, mayai, samaki, maziwa, soya, haradali, hadi jani moja la mboga linaitwa seleri ambalo mimi sijaona linamdhuru nani zaidi ya kukosa ladha. Karanga zimo. Ufuta umo. Kashata zangu zina vitu vitatu, na viwili ni washtakiwa. Kilichosalimika ni sukari, ambayo ndiyo daktari wa mjomba anaipigia kelele kila mwezi.

Fomu ikauliza mzalishaji wa ufuta ni nani. Nikaandika: Mama. Anwani: Magole, Kilosa, ukitoka Dumila. Namba ya toleo: mavuno ya mwaka jana, baada ya mbaazi. Msimamizi akasoma, akashukuru kwa ukamilifu wake, akaliweka sinia langu kwenye meza ya peke yake pembeni, na kibao mbele yake, kama mgonjwa wa kipindupindu. Wenzangu walipita kwa mbali wakisifu harufu. Nilikula kashata nimesimama wima, peke yangu, nikizilinda zisimuue mtu.

Nilinuna. Nikamwambia dada wa jikoni kwamba ufuta ndio umenisomesha, iweje uwe sumu. Akaniketisha. Akanieleza habari ya binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, ambaye mwaka 2016 alinunua mkate uliowekwa vitu ndani pale uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na mzio wa ufuta. Baba yake na yeye walisoma karatasi ya mkate ule na haikutaja ufuta popote, kumbe umekandwa ndani ya unga. Alifariki siku hiyo hiyo. Wazazi wake hawakunyamaza, na tangu Oktoba 2021 sheria inayoitwa kwa jina lake inataka chakula kilichofungwa dukani kabla mteja hajakiagiza kiandikwe vyote vilivyomo. Basi nikalirudia lile sinia, nikakisogeza kile kibao mbele kidogo kionekane vizuri.

Lakini msidhani wanaoandikiwa wanasoma. Pakiti nyingi hapa zina rangi za taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu, moja ya mafuta, moja ya sukari, moja ya chumvi. Watu wanapita taa nyekundu kama bodaboda wa Dumila. Nimemwona mzee dukani akisoma nyuma ya pakiti ya biskuti muda wa kutosha kusoma risala nzima, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akachukua mbili. Na huku Wales kila mgahawa lazima ubandike mlangoni alama uliyopewa na wakaguzi wa usafi, kuanzia 0 hadi 5, ni sheria tangu mwaka 2013. Ukitaka kula bila kujua, panda basi uvuke uende Bristol, kule England hawalazimishwi kubandika. Nimejaribu kumpigia hesabu mama ntilie wetu wa stendi. Maji ya kunawa, 5. Wali, 5. Ndoo ya kusuuzia sahani, tuombe mkaguzi awe ameangalia upande mwingine.

Mjomba, nisamehe, sasa nakuja kwako. Wewe una kisukari. Na kila Jumapili nakuona akilini mwangu pale dukani kwa Mangi, unaigeuza chupa ya soda, unasogeza macho, unatafuta tarehe. Ukiona haijaisha muda unatabasamu kama umeokoa maisha yako, halafu unaimaliza yote. Wote tuko hivyo. Pakiti tunaigeuza kutafuta tarehe tu, labda na alama ya ubora ya TBS. Ile mistari ya sukari gramu kadhaa na chumvi gramu kadhaa tunaiona kama majina ya watu waliochapisha. Na hizo ni zile chache zenye pakiti. Mafuta ya kupima yana lebo gani? Karanga nilizokula mpaka darasa la saba zilifungwa kwenye karatasi za daftari, na maandishi yaliyokuwemo yalikuwa 34 kwa 100, ongeza bidii.

Sisi tuna pua, na tuna mama. Nakumbuka akina mama wa Kimasai wakipita na vidumu vya maziwa, nawe mama unachovya kichwa cha njiti ya kiberiti, unakikwangua. Kikiwaka, unalipa. Kikigoma, unamwambia taratibu kwamba leo ng'ombe wake wamekunywa maji mengi. Hakuna fomu, hakuna mashine, na yule mama kesho anarudi.

Tena sikilizeni hili, bibi atalipenda. Mwezi Januari 2022 maduka ya Morrisons, ambayo ni makubwa mno, yalitangaza kwamba asilimia 90 ya maziwa yenye jina la duka lao yataondolewa ile tarehe ya kutupa, yabaki na tarehe ya ubora tu, na mteja aambiwe anuse mwenyewe kabla ya kumwaga. Anuse! Walichoka kuona maziwa mazima yanaishia kwenye mifereji. Nilipoisikia habari hiyo nikamkumbuka msimamizi wangu na zile lita mbili. Bibi, ungekuwa huku ungekuwa mkuu wa kitengo.

Nikajivuna siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka mahindi.

Mnakumbuka Januari 2014, maji yalipoingia Magole, barabara ya Dodoma ikakatika pale Dumila. Maghala yalilowa. Sisi tukayatoa mahindi tukayaanika chini, pale pale kwenye tope lililokuwa linakauka, na yalipoacha kunuka bibi akayapitisha, tukasaga dona, tukala. Hakuna aliyeanguka, nasi tukasema pua ya bibi haikosei. Miaka miwili baadaye, mwaka 2016, jirani zetu wa Dodoma na Manyara walizikwa karibu watu 20 kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa kwenye nafaka. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Sumukuvu haina harufu. Haina rangi, haina ladha, na kuipika hakuimalizi. Kiwango cha mwisho Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Hapo bibi hata anuse mpaka Krismasi.

Na hilo ndilo linanikosesha usingizi huku kuliko hata baridi. Huku naambiwa nyanya iliyokatwa saa nne itupwe lini, na nyumbani hakuna anayemwambia mama yangu kilichomo kwenye gunia lake.

Kwa hiyo nawaomba, na mdogo wangu hapa soma polepole. Mwaka huu msianike chini, nunueni turubai, hela nitatuma. Kabla ya kuweka ghalani, chukueni chupa kavu, tieni mahindi na chumvi kavu, mtikise, muache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi, rudisheni juani. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zenye ukungu chambueni mtupe, wala msiwape kuku, maana kuku tunamla. Na mkikoboa kabla ya kusaga sumu inapungua. Najua tumeimba dona, dona, dona ina virutubisho, nayo kweli ina. Mchague wenyewe kwa kuangalia mahindi ya mwaka.

Akitokea mtu wa kuja huku, mnitumie unga kilo mbili na ufuta. Soksi nyingine si lazima. Juu ya mfuko mama aandike kwa mkono wake ni nini, kimeanikwa lini, kimesagwa lini. Harufu yake nitaijua, lakini nataka kuuona mwandiko wake.

Ile karatasi yangu ya mgongoni nimeibandika kwenye mlango wa friji. Leo ni Alhamisi, na mpaka sasa hakuna aliyekuja kunitupa.