Barua ya Wazi kwa Mgawa Nyota wa Nyumba za Wazee

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Vituo vya Huduma za Medicare na Medicaid,
Baltimore, Maryland, Marekani.

Mheshimiwa,

Nakuarifu ya kuwa mimi ni mtu mzima wa Pwani ya Afrika Mashariki, mwenye mvi za kutosha kuniruhusu kuuliza habari za uzee popote unapotunzwa; na ya kuwa wamo miongoni mwa watoto wetu, wa kike kwa wa kiume, waliovuka bahari wakaingia katika nyumba zenu za wazee kuogesha, kulisha, kugeuza na kupangusa, hata ikawa habari za nyumba hizo aghalabu hutufikia sisi huku kabla ya habari za marais wenu.

Nimeusoma mpango wako wa nyota. Tangu Desemba 2008 idara yako huzipa nyumba hizo, ambazo ni kama 15,000 na wakazi wake wapita milioni moja, nyota kuanzia moja mpaka tano, ili jamaa wa mzee wapate kuchagua kwa macho kile ambacho zamani walikichagua kwa dua. Nyota hizo hutokana na mambo matatu: ukaguzi, hesabu ya watumishi na vipimo vya ubora; na hivi vya mwisho, kwa sehemu kubwa, huandikwa na nyumba yenyewe inayopimwa. Wako watawala waliotafuta haki kwa mashahidi, wako waliotafuta kwa viapo. Wewe umepata njia nyepesi kuliko zote, ambayo ni kumwuliza mshitakiwa kisha kumshukuru kwa jibu lake.

Matunda ya imani hiyo ni ya ajabu hata katika elimu ya tiba. Mlipoona kwamba wazee wenye maradhi ya kusahau wananyweshwa dawa za wendawazimu ili wanyamaze, dawa ambazo mamlaka yenu ya dawa ilionya mwaka 2005 kwamba zawazidishia wazee wa namna hiyo hatari ya kufa, mliamua kwa hekima kuzihesabu na kuzipunguzia nyota nyumba zinazozitumia mno. Lakini kwa insafu mkawatoa katika hesabu wenye maradhi ya akili yaitwayo skizofrenia, kwa kuwa wao dawa hizo zawastahiki. Basi tazama miujiza! Maradhi ambayo madaktari husema karibu kila mara hujidhihirisha kabla ya miaka 40 yakaanza kuwashukia mashaibu na maajuza wa miaka 80, waliolea watoto, wakaendesha maduka na kufundisha shule umri wao wote bila mtu kuyashuku. Gazeti la New York Times lilipochunguza mwaka 2021 liliona kwamba mkazi 1 katika kila 9 wa nyumba hizo ameandikiwa skizofrenia, ilhali katika watu wa kawaida ni kama 1 katika 150. Nasikia Januari 2023 mlitangaza kwamba mtakagua maandiko hayo. Msiwe wakali sana. Si kila siku dunia hupata maradhi yanayoambukizwa kwa kalamu.

Oktoba 2019 mliongeza alama nyingine, nayo ni duara jekundu lenye kiganja cheupe kilichokunjuliwa, libandikwe kando ya jina la nyumba iliyopatikana na kosa la kuwadhulumu wakazi. Haja ilikuwapo, kwani mwaka ule ule ofisi ya ukaguzi ya Bunge lenu ilieleza kwamba makosa ya dhuluma yaliyoandikwa na wakaguzi yalipanda kutoka 430 mwaka 2013 hadi 875 mwaka 2017. Niliposoma habari za kiganja hicho nilisema alhamdulillahi, kisha nikaisoma kanuni iliyofuatana nacho: kwamba nyumba yenye kiganja haitapata zaidi ya nyota mbili katika ukaguzi, na kwa hiyo haitapindukia nyota nne kwa jumla. Nne, Mheshimiwa! Nimemfikiria mjukuu anayemtafutia bibi yake mahali, ametoa macho kwenye kiganja kile na nyota zile nne, asijue kama anaonywa au anaamkiwa.

Watoto wetu wanaofanya kazi hiyo hawana habari ya nyota, lakini dalili wanazijua. Wanajua kwamba mzee aliyeanguka aghalabu huumia gotini, kiwikoni au nyongani, ilhali aliyekamatwa kwa nguvu ngozi humvia damu upande wa ndani wa mkono, na pengine mikono yote miwili, kwa mpangilio wa vidole vya mtu. Wanajua kwamba kidonda cha kulalia kilichofika mfupani hakikuzuka jana usiku, na kwamba nguo zilizomkaa sawasawa Rajabu zikamning'inia Shaabani zina habari ya kueleza juu ya sahani zinazorudi jikoni zimejaa kwa sababu hapakuwa na mkono wa kumlisha. Wanaijua pete iliyotoka kidoleni ikasemekana imepotelea kwa dobi, na hundi iliyotiwa saini na mkono usioweza kushika kijiko. Tena wanaijua dalili isiyo na rangi wala kipimo: bibi mwingi wa maneno ambaye hunyamaza ghafla mtumishi fulani aingiapo, au hujikunja kabla hajaguswa, au huomba radhi mara tatu kwa kujikojolea, kana kwamba aliwahi kuonyeshwa gharama ya kosa hilo. Mwenye maradhi ya kusahau huenda asilikumbuke jina la aliyempiga. Mwili wake humkumbuka.

Katika daftari la nyota sikuiona safu ya kuandikia bibi aliyenyamaza.

La kufanya nalo linajulikana, maana sheria zenu katika jambo hili ni nzuri, na hapa nasema bila kejeli hata chembe. Dhuluma ikidhaniwa, nyumba yapaswa kuiarifu mamlaka ya jimbo katika muda wa saa 2, na matokeo ya uchunguzi yafuate katika siku 5 za kazi. Kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi ambayo mzee au jamaa yake aweza kuiendea bila kuomba ruhusa ya mtu. Na sheria ya mwaka 2010 yakataza mtumishi aliyepeleka habari asiadhibiwe. Jamaa mwenye busara huongeza yake: humsikiliza mzee faraghani, huyaandika maneno yake kama yalivyotamkwa, hulipiga picha jeraha pamoja na tarehe, haifui shuka yenye damu, wala hamsaili mtuhumiwa mbele ya mdhulumiwa, ambaye usiku huo atabaki naye peke yake. Dosari ni moja ndogo ya kiutawala, kwamba zile saa 2 huanza kuhesabiwa na mtu asiyetamani zianze. Mtumishi humwambia msimamizi, msimamizi humwita mkurugenzi, mkurugenzi humpigia wakili, na michubuko, kwa adabu yake, hugeuka zambarau ikawa kijani, na kijani ikawa manjano. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watumishi 2 katika kila 3 wa taasisi za wazee, walipoulizwa na watafiti, walikiri kutenda dhuluma ya namna fulani katika mwaka uliopita. Watafiti waliwauliza tu. Pengine nanyi mngejaribu.

Usidhani, Mheshimiwa, kwamba nakuandikia kutoka peponi. Huku kwetu, katika Kilifi, wazee huuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo pana shamba linalotamaniwa na mtoto wa nyumba. Walionusurika wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, kule Ganze, wakaishi kwa fadhila za wasio ndugu zao. Wauaji wetu hatujawapa nyota. Hiyo ndiyo tofauti pekee ninayoweza kuisimamia mbele ya hakimu.

Narudi kwa watumishi, kwani humo ndimo siri ilimo, na dhuluma nyingi haizaliwi na roho mbaya bali huzaliwa na mtu mmoja aliyeachiwa vitanda vingi saa za usiku wa manane. Sheria yenu ya taifa hutosheka na mafunzo ya saa 75 kwa mtu atakayemgeuza mzee mwenye mifupa iliyolegea. Jimbo la California, ambalo limeongeza likafika 160, humtaka mpakaji rangi wa kucha asome saa 400, na kwa kweli kucha iliyoharibika huonekana na kila mtu. Mwaka 2024 idara yako iliamka, ikaweka kanuni kwamba kila mkazi ahudumiwe kwa jumla ya saa 3.48 kwa siku, yaani saa tatu na dakika karibu 29 kwa kuoga, kula, kuvaa, kugeuzwa, kutiwa dawa na kusemeshwa. Wenye nyumba walilia kwamba huo ni ukarimu wa kufilisi. Aprili 2025 hakimu wa Texas akaitengua kanuni hiyo, na miezi michache baadaye Bunge lenu likapitisha sheria ya kuizuia isitumike mpaka tarehe 30 Septemba 2034. Mzee aliyekuwa na miaka 85 siku ile sheria ilipotiwa saini atakuwa na 94.

Kwa hiyo haja yangu kwako ni moja tu, wala haina gharama kubwa kuliko karatasi na stempu. Uwaandikie wakazi wako wote, kwa herufi nono kwa sababu macho yao yamefifia, uwaombe kwa jina la serikali yako tukufu kwamba wasianguke, wasione kiu, wasifanye vidonda migongoni, na hasa wasife, mpaka tarehe hiyo ifike.

Nami ni wako kwa taadhima,
Mzee Mmoja wa Pwani